Muulize Mama wa Bonde: Maji ya Bara na Mlango Yanakotokea

Barua za mwezi huu zimekuja kwa mafungu: maziwa, mito, kinamasi, malambo. Bahari hakuna aliyeiuliza, na nashukuru, maana utumishi wangu wote ulikuwa bara, ofisi ya bonde la maji, nikipima mito na mabwawa nikiwa na buti za mpira na daftari lililofungwa kwenye nailoni. Kazi ile iliniachia tabia ambayo wanangu nyumbani wameichoka. Nikifika penye maji siulizi kina wala samaki, nauliza mlango: maji haya yakitaka kuondoka hapa, yanapita wapi? Yanapoingia kila mtu anapaona. Mlango wa kutokea ndio wenye maneno. Mtaona nalirudia swali hilo karibu kila barua, mnivumilie.

Shikamoo mama. Nasoma kidato cha pili hapa Singida. Mwalimu anasema Singidani ni ziwa, babu analiita bwawa. Nani yuko sahihi? Na kwa nini maji yake hayanyweki, wakati Mwanza mji mzima unakunywa maji ya ziwa?
*Mwanafunzi, Singida*

Marahaba mwanangu. Kwenye mtihani andika ziwa. Watu wa maji wakisema bwawa wanamaanisha maji yaliyozuiwa na tuta la binadamu: Mtera, Kidatu, Nyumba ya Mungu, na lile la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa lina ukuta na milango ya chuma, na yupo mtu anayelipwa mshahara kuifungua na kuifunga. Ziwa halina mtu huyo. Limekaa kwenye bonde lililodidimia lenyewe, au kwenye shimo la volkano kama Duluti pale Tengeru na Ngozi kule milima ya Poroto. Babu yako anafuata mazoea ya nyumbani, ambako maji yoyote yaliyotuama ni bwawa. Usimbishie.

Swali la pili ndilo tamu. Mvua inapotiririka juu ya mawe na udongo inayeyusha chumvichumvi, kidogo mno kiasi kwamba ukionja maji ya kijito huihisi, na kuishusha ziwani. Jua linanyanyua maji, chumvi linaiacha. Fikiria sufuria ya mchuzi iliyo motoni: kila ukipungua unaongeza kikombe cha maji, na kila kikombe kina chembe mbili za chumvi. Fanya hivyo kutwa nzima, jioni mchuzi hauliki. Singidani ndiyo sufuria hiyo. Vijito vinaingia msimu wa mvua, hakuna mto unaotoka. Mji wenu umo ndani ya Bonde la Kati, mojawapo ya mabonde 9 ya maji ya Tanzania, na tone likianguka humo halifiki baharini kwa mto wowote.

Hata ndani ya bonde hilo mlango unaleta tofauti. Mto Wembere unaingia Ziwa Kitangiri, halafu Mto Sibiti unayatoa maji Kitangiri na kuyapeleka Eyasi. Eyasi ndiyo mwisho wa reli. Kwa hiyo Kitangiri watu wanavua, na Eyasi kiangazi watu wanakwangua chumvi. Ni maji yaleyale, vituo viwili.

Viktoria nalo lina mlango, tena mkubwa: Jinja nchini Uganda, Nile inapoanzia safari. Zaidi ya hapo, kama asilimia 80 ya maji yanayoingia Viktoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, haijagusa jiwe lolote njiani. Kagera, Mara, Simiyu na mito ya upande wa Kenya inaleta yaliyobaki. Chumvi inayoingia inakaa kwa muda, kisha inaondoka na Nile kuelekea Sudan na Misri.

Ukipata safari ya shule, omba mpelekwe Natron. Kina hakifiki mita 3, jua halina huruma, Ewaso Ng'iro ya Kusini inaingia kutoka Kenya, na chemchemi za moto zinaongeza magadi. Kiangazi ukingo wa ziwa unakuwa gamba jeupe lenye wekundu kwa chini. Ukilikanyaga linapasuka, na mguu unazama kwenye tope jeusi linalonuka na kuwasha ngozi hadi ukauoshe. Heroe wadogo wanataga katikati ya magadi hayo kwa sababu hiyohiyo. Fisi hathubutu kuwafuata.

Habari mama. Hapa Naivasha tulifundishwa kwamba ziwa lisilo na mto unaotoka huwa la chumvi. Letu halina mto unaotoka, lakini ng'ombe wanakunywa na wakulima wa maua wanamwagilia. Majirani zetu Nakuru na Elementaita ni magadi matupu. Iko nini hapo? Na mbona siku hizi maji yanaingia nyumba za watu Kihoto?
*Msomaji wa Naivasha, Kenya*

Mwalimu wako alikufundisha vizuri, alisahau tu kuangalia chini. Mlango wa Naivasha upo, ila hauonekani. Ziwa lenu liko juu kuliko jirani zake wa Bonde la Ufa upande wa Kenya, mita zaidi ya 1,880 kutoka usawa wa bahari. Malewa na Gilgil wanaingiza maji matamu kutoka milimani, na chini ya ziwa kuna majivu na mawe ya volkano yenye matundu. Maji yanapenya humo taratibu, mengine kuelekea kusini, mengine kaskazini, na yanaondoka na chumvi yake. Nakuru na Elementaita yako chini zaidi, kwenye sakafu ya bonde. Hayana pa kumwagia.

Mlango wa juu nao ulikuwapo zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko sasa. Ukitembelea Hell's Gate utapita katikati ya korongo lenye kuta ndefu. Korongo lile lilichongwa na maji ya ziwa lenu yakitoka. Leo watalii wanapanda baiskeli pale mto ulipopita.

Chala, pale mpakani mwetu na nyinyi chini ya Kilimanjaro, ni mtindo uleule. Ni shimo la volkano lenye maji safi ya buluu, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji ya mlima yanaingia chini kwa chini na yanaondoka chini kwa chini.

Sasa Kihoto. Mlango wa chini ya ardhi una ubaya wake: haupanuki. Ziwa lenye mto unaotoka likijaa, mto unatoka kwa nguvu zaidi na ziwa linajishusha. Maji ya kupenya kwenye mawe hayaongezi kasi namna hiyo, hivyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa halina la kufanya ila kupanda na kutanuka. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa huko kwenu yamepanda karibu yote. Nakuru lilizamisha lango kuu la hifadhi, Baringo likazamisha shule, zahanati na hoteli. Watu wanatafuta mchawi chini ya ardhi, lakini mvua pamoja na udongo unaoporomoka kutoka milima iliyofyekwa vinaeleza sehemu kubwa. Jengine nalisema bila kuficha: ziwa linalopanda na kushuka lina mpaka wake wa zamani, na wazee wa Naivasha wanaujua. Aliyegawa viwanja ndani ya mpaka huo wakati ziwa limerudi nyuma aliuza ziwa.

Dada, salaam. Navua Kigoma tangu ujana wangu. Tukishusha nyavu chini sana hatupati kitu. Vijana wanasema huko chini kuna wenyewe. Mimi nasema samaki wamekwisha. Wewe wasemaje? Halafu nimewahi kusikia kwamba zamani ziwa letu lilikuwa halitoi maji kabisa, ni kweli?
*Mvuvi, Kigoma*

Kaka yangu, salaam nyingi. Wote mmekosa. Huko chini hakuna wenyewe, na samaki hawajakwisha huko kwa sababu hawakuwahi kuwako.

Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa wa dunia: urefu kama kilomita 670, kina kinachofika mita 1,470. Ni Baikal la Urusi pekee linalolipita kwa kina. Viktoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000, kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu, maana lenyewe halimo ndani ya ufa. Limelala kwenye sehemu iliyobonyea kati ya nyufa mbili.

Kina hicho kina gharama. Nchi za baridi ziwa linapoa juu, maji mazito yanazama, ya chini yanapanda, hewa inafika mpaka kwenye tope. Kwetu jua halipumziki. Maji ya juu ni ya moto na mepesi, ya chini yana baridi kidogo na ni mazito, na tofauti hiyo ya nyuzijoto chache inatosha kuyatenga. Upepo wa kiangazi, ule unaosukuma kutoka kusini kuanzia Mei, unachanganya sehemu ya juu tu. Upande wenu wa kaskazini ukipita kama mita 100, kusini kama mita 200, hewa imekwisha na kinachoanza ni maji yenye harufu ya salfa. Samaki akishuka huko anakufa. Kwa hiyo dagaa, migebuka na wengine wote mnaowajua wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu, na nyavu zako zikipita hapo zinavua giza.

Tena mbolea ya ziwa iko huko chini. Kila kinachokufa kinazama na kuoza, na virutubisho vyake vinabaki kwenye giza mpaka upepo uvinyanyue. Mwaka wenye upepo mzuri dagaa wanapata chakula. Maji ya juu yakizidi kupata joto, na yanazidi, upepo unakuwa na kazi kubwa zaidi ya kuyavunja matabaka. Kwa hiyo unaposema samaki wanapungua sikukatalii. Nyavu zipo nyingi kupita kiasi, na joto nalo lina mkono wake.

Hadithi ya mlango ni ya kweli. Mlango wa Tanganyika ni Mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie, unaopeleka maji mpaka Mto Kongo. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 aliukuta umezibwa kwa matete na tope, na ziwa linaendelea kupanda. Baada ya muda mfupi, mwaka 1878, maji yalivunja kizuizi na ziwa likaanza kushuka, mita kama 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo maana Ujiji leo, ukienda kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871, unashangaa maji yako mbali. Siku zile ufuko ulikuwa jirani.

Mlango wenyewe ni mdogo kwa ziwa kubwa vile. Maji mengi ya Tanganyika yanaondoka kwa kupaa na jua, siyo kwa Lukuga. Ukionja utasikia yana uzito fulani kuliko ya Viktoria, wala hujakosea.

Mama shikamoo. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021 watu walisema Ziwa Kivu nalo litalipuka na kutuua sote. Ni kweli kuna moto ndani ya maji?
*Msomaji, Bukavu*

Marahaba. Moto hakuna, gesi ipo. Kivu limejitenga kwa matabaka kama Tanganyika, ila lenyewe lipo kwenye nchi ya volkano, na chini kabisa limekusanya hewa ukaa na methani nyingi sana zilizoyeyuka ndani ya maji. Uzito wa maji ya juu unazibana zisitoke. Nyos, ziwa dogo la volkano kule Kamerun, liliachia hewa yake ukaa usiku mmoja wa Agosti 1986 na kuua watu kama 1,700, ndipo dunia ikaanza kuyatazama maziwa ya aina hii kwa makini. Lava ya 2021 haikulifikia ziwa, na gesi haikutikisika. Upande wa Rwanda wanaivuta methani na kuzalisha umeme, mtambo wa megawati 26 ulizinduliwa 2016, na kila kinachovutwa kinapunguza mzigo.

Nawe wa Bukavu unakaa mlangoni kabisa. Zamani Kivu lilitoka kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia hiyo, maji yakapanda mpaka yakamwagikia kusini, hapo mjini kwenu, ukazaliwa Mto Ruzizi. Tangu hapo chumvi za Kivu zinashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, na uzito ule nilioutaja kwa mvuvi wa Kigoma kwa sehemu kubwa unatoka kwenu.

Kamwene mama. Mimi ni mkulima wa mpunga Mbarali. Kila mwaka redioni tunaambiwa sisi ndio tuliokausha Ruaha na kuzima umeme wa nchi. Kuna kinamasi kikubwa cha Ihefu kati yetu na mto huo, kimejaa maji. Mbona hawakilaumu kinamasi kwa kumeza maji?
*Mkulima, Mbarali*

Kamwene baba. Naomba hii uisome mpaka mwisho, kwa sababu nusu ya kwanza itakufurahisha na ya pili haitakufurahisha.

Kinamasi siyo ziwa lililoshindwa. Ni mahali ambapo ardhi imelala tambarare mno, maji yanakosa haraka, yanatawanyika kati ya matete na mafunjo, yanaangusha tope, halafu yanatoka upande wa pili yakiwa masafi na kwa kipimo. Mvua ikija kwa kishindo, kinamasi kinaimeza. Kiangazi kinatoa kidogo kidogo. Malagarasi na Moyowosi kule Kigoma na Tabora ndivyo walivyo, na ndiyo ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuandikwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Bonde la Kilombero ndivyo lilivyo. Ihefu pia.

Lakini Ihefu lina mlango wa aina yake. Mito yenu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, inashuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere na nyanda za Mufindi, inapita mashambani Usangu, inaingia kinamasini. Mwisho wa kinamasi, pale Ng'iriama, kuna mwamba umekata njia. Maji yakiwa juu ya mwamba, Ruaha Mkuu anapata uhai na kuteremka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yakishuka chini ya mwamba, basi. Ihefu linaweza kuwa bado lina maji ya kutosha viboko, na mto mbele yake umekufa.

Nimekaa juu ya mwamba ule Novemba moja. Nyuma yangu ndege, matete, maji yametulia, kibao cha kupimia kimesimama na mstari wa tope ukionyesha yalipokuwa Julai. Maji yalikuwa chini ya kizingiti kwa kiasi cha kiganja. Mbele yangu mawe meupe, makavu, na kinyesi cha tembo waliokuja kutafuta wakakosa. Kiganja kile ndicho kilichokuwa kinakosekana, siyo ziwa zima.

Ruaha ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu 1993 unakauka hifadhini karibu kila kiangazi. Sasa nusu usiyoipenda. Mpunga wenu wa masika haukaushi mto. Masika maji yanatosha kila mtu, hata yanamwagika. Tatizo ni Agosti mpaka Novemba, ambapo mavuno yameshaingia ghalani na banio, lango la kuingizia maji mferejini, bado liko wazi. Maji yanaendelea kuingia mfereji wa kilomita kadhaa kwa ajili ya ndoo chache, matofali na bustani, yanalala kwenye majaruba matupu, jua linayachukua. Kila kijiji kikifanya hivyo, kiganja cha Ng'iriama kinapotea. Kufunga banio baada ya mavuno na kuchimba kisima cha kijiji kwa ajili ya kunywa ni kazi nafuu kuliko kugombana na redio.

Umeme ni kesi nyingine. Bwawa la umeme la Mtera, Ruaha unakoishia, linapokea pia Ruaha Mdogo kutoka Iringa na Kisigo, na bwawa lina mtu wa kufungua milango. Maji yakifunguliwa mengi mwaka wenye mvua, mwaka unaofuata bwawa litakuwa tupu hata mngelima mtama. Anayewabebesha nyinyi lawama yote hajawahi kusoma daftari la bwawa.

Mwanangu, hujambo. Mimi ni mzee mfugaji wa Meatu. Lambo la kijiji lilichimbwa pana, linapendeza masika. Ikifika Septemba ni tope, ng'ombe wananasa. Tumeambiwa tulipanue zaidi. Nini rai yako?
*Mfugaji, Meatu*

Sijambo baba, shikamoo. Rai yangu ni msilipanue hata hatua moja. Mlango wa lambo lenu uko juu: ni jua. Ukanda wenu maji yaliyo wazi yanapoteza karibu mita 2 kwa mwaka kwa kupaa tu, kabla ng'ombe hajainamisha shingo. Lambo la kina cha mita 2 na nusu, hata lingekuwa na upana wa mbuga nzima, limehukumiwa. Mkilipanua mnaongeza eneo la jua kunywea. Chimbeni chini. Kina cha mita 4 au 5 kwenye eneo dogo kitawavusha.

Jambo la pili ni kwato. Ng'ombe wakiingia majini wanaporomosha kingo, wanajaza tope, na kinyesi chao watoto wanakichota. Zungushieni miiba, mtoe bomba chini ya tuta lilishe birika la kunyweshea nje. Pale maji ya mvua yanapoingilia, chimbeni shimo la kunasa tope na muache nyasi zimee, mzoe tope hilo kila kiangazi wakati limekauka na jembe linapita. Lambo likishajaa tope mpaka juu, kulichimba upya ni gharama ileile ya kuchimba jipya, na wengi wanaliacha.

Mama, mto wetu hapa Dodoma una maji wiki chache tu kwa mwaka, mwingine wote ni mchanga. Huo nao ni mto? Mtu anataka kujenga ndani yake.
*Kijana, Dodoma*

Ni mto, na maji yake bado yamo, yamejifunika. Chimba mchangani Agosti, futi kadhaa, utayakuta. Jua halifiki huko chini, kwa hiyo mchanga unayatunza kuliko lambo lolote. Wakamba wa Kitui na Machakos wanajenga ukuta wa mawe kukatisha mto wa aina hiyo ili ukusanye mchanga mwingi zaidi, na maji ndani yake. Malori yanayobeba mchanga wenu kwenda mjini yanabeba kisima. Na huyo mjenzi mwambieni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na haikusema mto uwe na maji siku hiyo.

Shikamoo mama. Sisi wa Marangu tunataka kuomba kibali cha maji ya mfongo wetu, yaani mfereji wetu wa asili. Tumeulizwa mfongo unabeba lita ngapi kwa sekunde. Hatuna kifaa. Tufanyeje?
*Katibu wa mfongo, Marangu*

Marahaba katibu. Kifaa mnacho sokoni: chungwa. Linaelea huku karibu lote limezama, kwa hiyo upepo haulidanganyi kama unavyodanganya jani au chupa.

Tafuteni kipande cha mfongo kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa, urefu mita 10. Funga kamba mwanzo na mwisho. Mmoja anaangusha chungwa hatua chache kabla ya kamba ya kwanza ili lishike mwendo, mwingine anasimama kamba ya pili na saa ya simu. Rudieni mara tano, mchukue wastani, na chungwa lililogusa ukingo msilihesabu. Halafu pimeni upana wa maji, na kina mahali pengi kwa kijiti: ukingoni, katikati, ukingo wa pili, mchukue wastani wake pia.

Tuseme upana ni mita 0.8, kina cha wastani mita 0.25, na chungwa linatumia sekunde 25 kwa mita 10, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha zote tatu: mita za ujazo 0.08, ambazo ni lita 80 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.85. Mnapata lita 68. Kama mfongo una mawe mengi tumieni 0.7.

Pimeni Mei na mpime tena Oktoba, muandike tarehe na saa kila safari. Peleka vipimo vyote viwili Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi yao iko Moshi. Mkipeleka cha Mei peke yake wataomba mrudi.